Jinsi ya kukokotoa kazi ya kupandisha maji kutoka ziwani hadi tenki la mlimani

Mwanza maji yako chini na watu wengi wako juu. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za Isamilo, Igogo, Mabatini na Capri Point zimepandana kwenye vilima vya mawe vinavyolitazama ziwa hilo. Kila lita inayofika jikoni huko juu imepandishwa na pampu au kwa kichwa cha mtu, na kiasi cha kazi iliyofanyika kinaweza kujulikana kwa hesabu fupi sana. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa na mtihani wa fizikia, fundi bomba anayechagua pampu, na mwenye nyumba anayetaka kujua yuniti zake za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zinakwenda wapi. Hesabu yenyewe haimshindi mtu. Wengi hukosea kwenye kupima kimo, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kanuni na vipande vyake

Ukiinua kitu polepole, kwa mwendo usiobadilika, kani unayoitumia inalingana na uzito wa kitu hicho. Kazi ni kani mara umbali uliopitwa katika mwelekeo wa kani hiyo. Kani yako inaelekea juu, kwa hiyo umbali unaohesabika ni wa kwenda juu tu:

W = m × g × h

Hapa m ni tungamo kwa kilo, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, na h ni tofauti ya kimo kwa mita, kutoka mahali kitu kilipoanzia hadi kilipofikia. Jibu linatoka kwa jouli. Kiasi hichohicho ndicho kinachoongezeka kwenye nishati tuli ya kitu, yaani nishati kinachokuwa nayo kwa sababu ya mahali kilipo. Ndiyo maana huhitaji kufuatilia njia nzima. Toa nishati tuli ya mwanzo kwenye nishati tuli ya mwisho, na tofauti ndiyo kazi iliyofanyika dhidi ya mvutano wa dunia. Njia ikipinda kati ya mawe, ikishuka bondeni kisha ikapanda tena, jibu halibadiliki hata kwa jouli moja.

Kwa maji, m ni rahisi: lita 1 ni kilo 1, na mita ya ujazo 1, yaani lita 1,000, ni kilo 1,000. Joto la maji ya ziwa linapunguza kiasi hicho kidogo mno, usihangaike nalo.

Kuhusu g, maswali mengi ya shule hutoa 10, mengine 9.8. Dunia imevimba kidogo kwenye ikweta na inajizungusha, kwa hiyo g ni ndogo zaidi huku kuliko karibu na ncha zake. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na kwenye mwinuko wa ziwa g ni takriban 9.78. Kwenye mtihani tumia thamani uliyopewa. Kwenye kazi halisi tumia 9.78. Ukitumia 10 jibu litazidi kwa asilimia 2 hivi, kosa dogo kuliko lile la kukadiria kimo kwa macho.

Kupata h iliyo sahihi

Kabla ya kupima, amua nukta mbili: maji yanaanzia wapi na yanaishia wapi.

Yanaanzia kwenye uso wa maji. Hayaanzii kwenye pampu, wala kwenye mdomo wa bomba uliozama. Maji yaliyo ndani ya maji hubebwa na maji yenzake. Mtu anayevuta ndoo kutoka ndani ya ziwa anauhisi uzito wa maji pale tu ndoo inapotoka juu ya uso. Kwa hiyo bomba likizama mita 3, mita hizo hazihesabiwi. Kosa hili huwa kubwa zaidi kwenye visima virefu. Pampu inaweza kuning'inia mita 60 chini ya ardhi huku uso wa maji uko mita 25 tu. Hapo h inaanzia kwenye mita 25. Ila pima uso huo pampu ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa maji ya kisima hushuka yanapovutwa na wakati mwingine hushuka mita nyingi.

Yanaishia pale yanapomwagikia. Tenki nyingi huingiza maji kwa juu, kwa hiyo pampu lazima iyafikishe kwenye tundu la juu hata kama tenki ni tupu. Yakishamwagika yanaanguka hadi kwenye sakafu ya tenki na nishati hiyo inapotea kwa mshindo na joto. Tenki la lita 5,000 lenye kimo cha mita 2 likijazwa kwa juu, pampu inafanya kazi ya kimo cha tundu, lakini nishati tuli inayobaki ndani ya tenki likijaa inahesabiwa kwa kitovu cha maji, yaani katikati ya kina chake, mita 1 chini ya tundu. Tofauti ni 5,000 × 9.78 × 1, sawa na jouli 48,900. Si kitu kwa bili ya umeme, lakini swali la mtihani linaweza kuuliza moja kati ya hivyo viwili, kwa hiyo soma vizuri kinachoulizwa.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kutumia urefu wa bomba badala ya kimo. Bomba la mita 180 lililolazwa kwenye mteremko wa kilima linaweza kupanda mita 62 tu. Mtu akiweka 180 kwenye h anapata kazi karibu mara 3 ya ile ya kweli, kisha ananunua pampu kubwa isiyohitajika.

Njia za kupima zipo kadhaa, na zote zinafaa zikifanywa kwa uangalifu.

Mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, ndio sahihi kuliko zote kwa mteremko mfupi. Uwe na urefu wa mita 10 hadi 15, ujazwe hadi mapovu yote yatoke. Povu moja lililonasa katikati linatosha kuharibu levo. Mtu mmoja anasimama chini na fimbo yenye vipimo, mwingine juu. Maji yakitulia pande zote mbili yako usawa mmoja, kwa hiyo unasoma tofauti ya kimo kati ya miguu yenu. Andika, sogea, rudia, kisha jumlisha.

Ngazi nazo zinasaidia. Vidaraja vya nyumba huwa na kimo cha sentimita 15 hadi 18, lakini vilivyochongwa au kujengwa kwenye mawe ya vilima vyetu havilingani. Pima kumi mahali tofauti, tafuta wastani, zidisha kwa idadi.

Simu yenye kipima presha ya hewa inafaa kwa kilima kirefu. Kwenye mwinuko wa Mwanza, presha hushuka takriban hektopaskali 1 (kipimo cha presha ya hewa) kwa kila mita 10 unazopanda. Ukianza na 885.2 ukafika juu ukasoma 879.0, tofauti ni 6.2, yaani mita 62 hivi. Tahadhari ni moja: katika nchi za tropiki presha ya hewa hupanda na kushuka yenyewe kila siku kwa hektopaskali 3 hadi 4. Panda haraka, soma, shuka, usome tena pale ulipoanzia. Masomo mawili ya chini yakitofautiana, tumia wastani wake. GPS ya simu hiyohiyo usiitegemee kwa kimo, inaweza kukosea mita nyingi.

Bomba likiwa limeshafungwa, njia nzuri kuliko zote ni geji ya presha, nayo inastahili maelezo yake.

Geji inasoma nishati moja kwa moja

Funga geji kwenye bomba la kupandishia, karibu na pampu, baada ya valvu ya kuzuia maji kurudi. Jaza bomba hadi maji yamwagike juu, zima pampu, subiri maji yatulie, kisha soma. Bar 1 ni sawa na safu ya maji ya mita 10.22 kwa g ya 9.78. Geji ikisoma bar 5.87, maji yamesimama mita 60 juu ya geji. Kama geji iko mita 2 juu ya uso wa ziwa, h nzima ni mita 62. Hizo mita 2 za chini husahaulika sana.

Kuna jambo lingine kwenye geji hiyo ambalo watu hawalioni. Presha ya bar 1 ni njutoni 100,000 kwa kila mita ya mraba, na hiyo ni sawasawa na jouli 100,000 kwa kila mita ya ujazo ya maji. Kwa hiyo bar 5.87 inakuambia kwamba kila lita 1,000 zinazotoka kwenye geji hadi tenki zinahitaji jouli 587,000 dhidi ya mvutano wa dunia. Jaribu kwa kanuni: 1,000 × 9.78 × 60 = 586,800. Ni kitu kilekile. Fundi anayelielewa hili anaweza kusimama mbele ya pampu yoyote na kukokotoa kazi yake bila kupanda kilima.

Ndoo ya kichwani

Chukua ndoo ya lita 20. Maji ni kilo 20, ndoo yenyewe kilo 1. Ikipandishwa kimo cha mita 30:

W = 21 × 9.78 × 30 = jouli 6,161

Lakini mbebaji naye amepanda. Akiwa na kilo 60, jumla inayoinuliwa ni kilo 81, na kazi ni 81 × 9.78 × 30 = jouli 23,765. Sehemu iliyokwenda kwenye ndoo ni kama robo tu; robo tatu imetumika kuuinua mwili. Zaidi ya hapo, misuli hugeuza kuwa kazi asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati inayoichoma, inayobaki inakuwa joto. Mwili wake unatumia kati ya jouli 95,000 na 119,000 kwa safari hiyo moja, yaani kilokalori 23 hadi 28, bila kuhesabu kushuka. Anayebeba ndoo kumi kwa siku, mara nyingi mwanamke au mtoto wa shule, anatumia nishati ya mlo mdogo kupandisha lita 200.

Sehemu ya njia iliyo tambarare haina kazi dhidi ya mvutano wa dunia, hata iwe kilomita 1. Mwanafunzi hubishana na jambo hili kwa sababu shingo inauma, na kweli inauma: misuli inachoka kwa kushikilia mzigo. Lakini kimo hakijabadilika, kwa hiyo nishati tuli ya ndoo ni ileile.

Tenki la lita 5,000

Tuchukue h ya mita 62, kutoka uso wa ziwa hadi tundu la tenki.

W = 5,000 × 9.78 × 62 = jouli 3,031,800

Yuniti 1 ya umeme ni jouli 3,600,000. Gawanya: 3,031,800 ÷ 3,600,000 = yuniti 0.84. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Hakuna pampu duniani, iwe ghali namna gani, itakayopandisha maji hayo kwa umeme pungufu ya huo.

Mita yako itasoma zaidi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni msuguano ndani ya bomba. Maji yakipita lita 0.93 kwa sekunde, yaani tenki linajaa kwa saa moja na nusu, katika bomba laini la plastiki la mita 180 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 32, msuguano unakula nishati sawa na kupandisha maji mita 8 za ziada. Pampu inaona kilima cha mita 70:

5,000 × 9.78 × 70 = jouli 3,423,000, au yuniti 0.95

Kipenyo kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kwa kasi ileile ya kujaza, bomba la milimita 25 ndani lingeleta msuguano wa mita 27, na la milimita 40 lingeleta chini ya mita 3. Akiba unayopata kwa kununua bomba jembamba unailipa kwenye umeme kila tenki linapojazwa, miaka yote bomba litakapokuwepo. Kwenye pampu ndogo mara nyingi haifiki hata huko: inashindwa kuhimili msuguano huo na maji yanapungua hadi kuchuruzika.

Ya pili ni hasara ya pampu na mota zenyewe. Pampu ndogo ya nyumbani pamoja na mota yake ikitoa kwenye maji asilimia 45 ya umeme inaoula, inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo:

0.95 ÷ 0.45 = yuniti 2.1

Gawanya kwa saa 1.5 upate kilowati 1.4 za umeme unaoingia kwenye mota. Zidisha yuniti 2.1 kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako ya LUKU, na hiyo ndiyo gharama ya kujaza tenki mara moja.

Mwendo wa maji yanapomwagika unaweza kuuacha. Kwenye bomba hili yanatoka kwa mita 1.15 kwa sekunde, na nishati ya mwendo huo inalingana na kimo cha sentimita 7.

Kwa mji mzima hesabu ni ileile, sifuri ndizo zinazoongezeka. Kupandisha lita milioni 1 kutoka ziwani hadi tenki lililo mita 100 juu kunahitaji jouli milioni 978, au yuniti 272, kabla ya hasara yoyote. Mitambo ya maji ya Capri Point na Butimba iko chini kabisa ukingoni mwa ziwa, na kila mtaa ulio juu zaidi unadai umeme zaidi kwa lita ileile.

Mahali pa kuweka pampu

Upande wa kuvutia maji una mpaka wake. Pampu iliyo juu ya maji haiyavuti kwa kweli. Inapunguza presha, na hewa ya nje inayasukuma maji yapande. Usawa wa bahari hewa inaweza kuyasukuma hadi mita 10.3. Mwanza hewa ni nyepesi zaidi, na mpaka huo ni mita 9 hivi, tena kwa hesabu ya karatasi. Ukitoa mvuke wa maji, msuguano na mahitaji ya pampu yenyewe, usiweke pampu zaidi ya mita 6 juu ya uso wa ziwa. Karibu zaidi ni bora, lakini kumbuka ziwa hupanda: mwaka 2020 liliingia kwenye makazi na miundombinu mingi ya mwambao. Mabadiliko hayo ya mita moja au mbili hayagusi sana h yako ya mita 62, ila yanaweza kuizamisha mota.

Maswali ya mtihani

Geuza gramu kuwa kilo na sentimita kuwa mita kabla ya kuzidisha. Ukipewa uzito kwa njutoni, usizidishe tena kwa g, tayari iko ndani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukipandishwa mita 9 kwa roda, kwa kamba mkononi au kwa mbao iliyoinamishwa, kazi dhidi ya mvutano ni 50 × 9.78 × 9 = jouli 4,401 kwa njia zote tatu. Mbao inapunguza kani na kuongeza umbali. Muda hauingii kabisa mpaka uulizwe nguvu kwa wati, ndipo ugawanye kazi kwa sekunde.

Kuhakiki kwa mita, na kutafuta tatizo

Zima friji, taa na kila kitu isipokuwa pampu. Andika yuniti zilizobaki kwenye LUKU, jaza tenki kutoka tupu, andika tena. Kisha gawanya kazi ya chini kabisa, yaani yuniti 0.84, kwa yuniti zilizotumika. Kwa mfano wetu ni 0.84 ÷ 2.1, asilimia 40. Huo ni ufanisi wa mfumo mzima, bomba likiwemo. Uandike mahali na urudie kila baada ya miezi michache. Ukishuka hadi asilimia 25, kuna kitu kimeharibika, na geji itakusaidia kujua ni kipi.

Zima pampu na uitazame geji kwa dakika kumi. Presha ikishuka taratibu, ama valvu ya kuzuia maji kurudi inavuja ama bomba limepasuka njiani. Tembea juu ya bomba utafute udongo uliolowa.

Presha ikisimama imara, washa pampu na upime maji juu kwenye tenki kwa ndoo ya lita 20. Kwa lita 0.93 kwa sekunde ndoo ijae kwa sekunde 22 hivi, na geji isome karibu bar 6.6. Ndoo ikichelewa huku presha iko juu kuliko kawaida, kuna kizuizi mbele ya geji: valvu iliyofunguliwa nusu, au uchafu kwenye kona ya bomba. Ndoo ikichelewa na presha ikiwa imekaribia ile ya pampu iliyozimwa, tatizo liko kwenye pampu au nyuma yake. Anza na chujio, kwa sababu kwenye ziwa letu magugu maji hulisonga haraka. Likiwa safi, kagua maungio ya bomba la kuvutia kama yanaingiza hewa, kisha umeme wenyewe kama volteji iko chini. Ukimaliza hayo yote bila kupata kitu, fungua pampu uitazame impela, gurudumu la ndani linalosukuma maji. Mchanga wa ufukweni huila kingo zake, na impela iliyolika inazungusha maji humohumo ndani huku mita ikihesabu yuniti kama kawaida.